Hagia Sophia: kuba lililoanguka mara tatu, na mafundi ambao hatuwataji

#1

Wakuu, salaam kwenu.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu, nilitaka niuandike nikiwa nimetulia. Kazi yangu ni usimamizi wa ujenzi. Nilianza kama kibarua wa kubeba zege, nikawa fundi mwashi, sasa nasimamia saiti. Mwaka 2018 nilimsindikiza mke wangu Istanbul kuchukua mzigo wa nguo pale Laleli. Siku moja tukapumzika na biashara, tukapanda tramu mpaka Sultanahmet, tukaingia Hagia Sophia, kanisa la kale lililokuja kuwa msikiti. Wakati ule bado ilikuwa makumbusho.

Chini pale kila mtu alikuwa ameinua shingo anatazama kuba, na mimi pia. Baadaye tukapanda ghorofa ya ndani. Hakuna ngazi, unapanda kwa njia ya mawe yenye mwinuko inayozunguka ndani ya ukuta. Kufika juu nikasimama ghafla, mke wangu akadhani nimeumwa. Nguzo zimelala. Nilitazama ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zimeegemea nje. Jicho langu limezoea timazi, na kwenye saiti yangu nguzo ikilala namna ile tunabomoa siku hiyo hiyo. Zile zimelala zaidi ya miaka 1,400 na zimebeba.

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichokipata juu ya jengo hili. Naandika leo kwa sababu kila ninapoona linatajwa mitandaoni, wanatajwa wafalme: Justinian alijenga, Mehmed akateka. Waliolizuia lisianguke hawatajwi. Nataka niwataje.

Jina kwanza. Wengi wetu tunasema "Kanisa la Mtakatifu Sofia", tukidhani ni mama mmoja mtakatifu. Kwa Kigiriki Hagia Sophia ni Hekima Takatifu, yaani hekima ya Mungu, ambayo kwa Wakristo wa huko ni Kristo mwenyewe. Wakazi wa Konstantinopoli, jina la zamani la Istanbul, walikuwa wakiliita tu Kanisa Kuu.

#2

Tuendelee.

Jengo tunaloliona ni la tatu mahali pale. La kwanza lilizinduliwa mwaka 360 na kuungua mwaka 404, katika ghasia za watu waliokasirika kwa kuhamishwa askofu wao, Yohana Krisostomo. La pili alilizindua mfalme Theodosius II mwaka 415. Hilo nalo likaungua Januari 532. Mabaki ya baraza lake yapo nje upande wa magharibi, mawe yamechongwa kondoo kwa mstari. Watu wanayapita bila kuyatazama.

Moto wa 532 ulitokana na mashabiki. Mji ulikuwa na makundi mawili makubwa ya mbio za magari ya farasi, Bluu na Kijani, na uhasama wao ulikuwa mkubwa. Mwezi ule wakaungana dhidi ya mfalme Justinian wakipiga kelele "Nika!", maana yake "Shinda!" Sehemu kubwa ya katikati ya mji iliteketea. Procopius, mwandishi aliyeishi wakati huo, anasema waliouawa na jeshi ndani ya uwanja wa mbio walizidi 30,000. Siku arobaini hivi baadaye, tarehe 23 Februari 532, ujenzi mpya ukaanza. Tarehe 27 Desemba 537 kanisa likazinduliwa.

Hesabuni wenyewe: miaka 5 na miezi 10. Jengo la karibu mita 80 kwa 70, kuba la upana wa mita 31, kwa matofali ya kuchoma, mawe na chokaa. Hakuna zege la nondo. Kasi ile inatisha, na kama mtakavyoona, matatizo mengi yaliyofuata yalianzia hapo.

Walioshika kazi ni wawili, Anthemius wa Tralles na Isidore wa Miletus, wote kutoka upande ambao leo ni Uturuki ya magharibi. Hawakuwa waashi. Anthemius alikuwa mwanahisabati aliyeandika juu ya vioo vya kukusanya miale ya jua. Isidore alifundisha jiometria na alishughulikia maandishi ya Archimedes. Nadhani mwashi mzoefu asingethubutu kujaribu walichojaribu, maana angekuwa ameshaona majengo yakianguka.

#3

Sasa niwaeleze mzigo unavyokwenda, bila hili uzi wote hautaeleweka.

Chini una mraba. Juu unataka duara. Utaliwekaje duara juu ya mraba? Wao walisimamisha mihimili minne minene ya mawe, wakaiunganisha kwa matao manne makubwa. Kati ya tao na tao, pale kwenye pembe, inabaki nafasi ya pembetatu. Nafasi hizo wakazijaza kwa matofali yaliyopinda kuelekea ndani, kama vipande vinne vya tanga lililojaa upepo. Vipande vile vikikutana juu vinatengeneza duara kamili, na juu ya duara hilo kuba linakaa. Namna hii ilikuwepo kabla yao kwenye majengo madogo. Kwa ukubwa ule hakuna aliyewahi kuijaribu.

Kuba halisukumi chini tu. Mwambie mtu asimame ametanua miguu kwenye sakafu yenye maji, umwone miguu inavyoteleza kwenda nje. Kuba linafanya vivyo hivyo pande zote. Upande wa mashariki na magharibi waliweka nusu kuba mbili kubwa zinazoupokea msukumo na kuushusha polepole, nusu kuba ikiegemea nusu kuba ndogo, ndogo ikiegemea ukuta. Kaskazini na kusini hakuna kitu cha namna hiyo. Kuna kuta nene za kuegemeza tu, na hazikutosha. Nguzo nilizoziona zimelala zinasimulia hilo mpaka leo.

Yale madirisha 40 kwenye kiuno cha kuba, ambayo watu wanayapiga picha kwa sababu ya mwanga, yana faida nyingine. Kuba la matofali hupasuka kuanzia chini kwenda juu, kama chungwa unapolifungua. Wao pale pale ambapo nyufa zingetokea wameacha nafasi, na kati ya dirisha na dirisha wameweka ubavu wa matofali wenye kiegemeo chake kwa nje. Kwa hiyo kuba linasimama kwa mbavu 40. Ukiwa chini, mwanga unafuta miguu ya mbavu hizo, na Procopius aliandika kwamba linaonekana kama limening'inizwa kutoka mbinguni kwa mnyororo wa dhahabu.

Kuna mambo mawili kwa Procopius ambayo kila mwashi atayaelewa mara moja. La kwanza: tao la mashariki lilipokuwa halijafungwa, mihimili yake ikaanza kupasuka. Wale wataalamu wawili wakakata tamaa, wakaenda kwa mfalme. Justinian akawaambia wamalizie tao. Procopius anasema Mungu ndiye aliyemwongoza, na mimi sina ugomvi na hilo, lakini ni kauli ya saiti kabisa: tao lisilofungwa ni mzigo, likishafungwa linajibeba. La pili: matao mengine yalipokamilika, nguzo za marmar chini yake zikaanza kubanduka vipande kwa kukandamizwa. Amri ikatoka waondoe matofali yanayogusana na matao na kuyarudisha baadaye, ujenzi utakapokauka.

Utakapokauka! Hapo ndipo penye shida yenyewe. Chokaa yao ilichanganywa na matofali yaliyosagwa, nzuri sana, lakini inakaza taratibu mno. Na waliitandika nene. Mahali pengi tabaka la chokaa linazidi unene wa tofali. Mihimili ikapandishiwa mzigo ikiwa bado mibichi. Ikasogea nje. Kuba likawekwa juu ya mihimili iliyokwisha kusogea.

#4

Mdau mmoja ameuliza kuhusu matofali mepesi ya Rhodes, yale ambayo kumi na mawili yana uzito wa tofali moja la kawaida. Mkuu, hiyo imetoka kwenye masimulizi yaliyoandikwa miaka kama 300 baada ya ujenzi. Huko huko ndiko ilikotoka kauli ya Justinian "Solomon, nimekushinda". Procopius hana lolote katika hayo, naye alikuwepo. Nayaheshimu kama masimulizi ya watu waliolipenda jengo lao, ila tusiyatumie kama taarifa ya ujenzi.

Ndugu mwingine ameuliza kama kuna chochote cha Afrika mle ndani. Kipo, na ukikigusa ni baridi. Nguzo nane nyekundu iliyoiva, katika pembe nne za ukumbi zilizojengwa kwa nusu duara, ni mawe yaliyochimbwa jangwa la mashariki la Misri, karibu na Bahari ya Shamu. Urefu wake haulingani, wakazisawazisha kwa vitako vya vimo tofauti, na nyingine zimefungwa pete za shaba nyeusi zisipasuke. Paulo, ofisa wa ikulu aliyesoma shairi la kulisifu kanisa hilo, anataja pia jiwe la Libya lenye rangi ya zafarani. Machimbo yake yako Tunisia ya leo. Nguzo za kijani zimetoka Thessalia, Ugiriki. Marmar nyeupe yenye mistari ya kijivu ni ya kisiwa cha Prokonnesos, karibu tu na mji. Kutani walipasua jiwe moja mara mbili na kulifungua kama kitabu, mistari ya kushoto ikawa kivuli cha ya kulia.

#5

Anguko la kwanza.

Mji ule uko jirani na ufa mkubwa wa ardhi. Tetemeko lilipiga mwaka 553, jingine Desemba 557. Nyufa zikaonekana, ukarabati ukaanza, na tarehe 7 Mei 558, mafundi wakiwa kazini, sehemu ya mashariki ya kuba ikashuka pamoja na tao lake na nusu kuba. Madhabahu ikasagika. Kanisa lilikuwa na miaka 20 tu.

Anthemius alikuwa amekwisha kufariki. Kazi akapewa Isidore Mdogo, mpwa wa yule wa kwanza. Huyu kijana nampenda kwa moyo wote. Alirithi jengo lililopinda, lenye jina la mjomba wake, mbele ya mfalme yule yule ambaye sasa ni mzee. Angeweza kurudisha kuba kama lilivyokuwa. Akaamua kulipandisha. Kuba la kwanza lilikuwa bapa zaidi. Waandishi wa zamani wanasema yeye aliliongeza kimo kwa futi 20, kama mita 6. Kuba likiwa refu, msukumo wa kwenda nje unapungua na uzito unashuka chini zaidi. Tena akayanenepesha matao ya kaskazini na kusini kwa ndani, mraba uliokuwa umepinda ukakaribia kuwa mraba tena. Desemba 562 kanisa likazinduliwa upya, na hapo ndipo Paulo aliposoma shairi lake.

Agathias, mwandishi wa kizazi kilichofuata, anakiri kwamba kuba jipya ni imara zaidi lakini halimshtui mtazamaji kama la kwanza. Inawezekana. Lile lililoshtua lilidumu miaka 20, na sehemu ya lile la Isidore Mdogo tunaitazama mpaka leo.

#6

Anguko la pili ni usiku wa Oktoba 989. Tetemeko liliangusha tao la magharibi na sehemu ya kuba juu yake. Mjini alikuwepo Trdat, mjenzi wa Kiarmenia, yule aliyejenga kanisa kuu la Ani. Mwandishi wa kwao, Stepanos wa Taron, anaeleza kwamba Trdat alichora ramani na kutengeneza mfano mdogo wa jengo kwanza, ndipo akaanza kujenga. Kanisa lilifunguliwa tena mwaka 994.

Fikirini ugumu wake. Kuunganisha kuba jipya na nusu ya kuba lenye zaidi ya miaka 400, lililoning'inia mita 50 juu, limekwisha kusogea, halina tena umbo la duara kamili. Unajenga kulingana na upindaji wa mwenzako. Mtu aliyewahi kuunganisha ukuta mpya na wa zamani kwenye nyumba ya chumba na sebule anajua ufa unavyopenda kutokea pale pale kwenye kiungo.

Mwaka 1317 mfalme Andronikos II aliongeza kuta za kuegemeza kwa nje, kwa mali aliyoiacha mkewe Irene. Hazikuzuia anguko la tatu: tarehe 19 Mei 1346, tao la mashariki na sehemu ya kuba, miaka michache baada ya matetemeko. Na safari hii hazina ilikuwa tupu. Mfalme John VI alipotawazwa mwaka uliofuata, sherehe ilibidi ifanyike katika kanisa la Blachernae kwa sababu Kanisa Kuu lilikuwa wazi juu. Taji lake lilikuwa la vioo; vito halisi viliwekwa rehani Venice. Dola iliyofika hapo bado ilitafuta fedha ya kurudisha kuba. Kazi ilisimamiwa na Astras, Mgiriki, na Giovanni de Peralta, Mlatini, yaani mtu wa Ulaya magharibi. Katika miaka ya 1350 ikakamilika.

#7

Nanukuu mchango wa ndugu yetu wa Mombasa, nisingependa upotee katikati ya kurasa:

"Ndugu mwandishi, ahsante sana. Sisi huku tumekua tukisikia habari za Herekali mfalme wa Rumi kwenye Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo mwaka 1728. Sikujua kuwa Rumi ile ndiyo hii. Herekali huyu alisali kwenye kanisa hili?"

Ndiye huyo, kaka. Heraclius, alitawala kutoka 610 hadi 641, na hili lilikuwa kanisa la mfalme. Dola hii sisi tunaiita ya Bizanti, wao wenyewe walijiita Warumi, na Waarabu wakawaita Rum. Jina likafika Pate likiwa hivyo. Kuna mambo mawili ya Herekali na kanisa hili. Vita na Uajemi vilipomkaba, mwaka 622 alikopa vyombo vya dhahabu na fedha vya makanisa, vinara vya Kanisa Kuu vikiwemo, vikayeyushwa kuwa sarafu za kulipa askari. Lingine ni idadi ya wahudumu. Justinian aliweka kikomo cha watu 425 mbali na mabawabu 100. Ilipofika zama za Heraclius walikuwa wamezidi, naye akapandisha kikomo mapadre wawe 80 na mashemasi 150, na mashemasi wanawake wakabaki 40. Mnaona ukubwa wa nyumba yenyewe.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Zaidi ya beti 1,000 za Kiswahili zinamtaja mtu aliyepita chini ya kuba la Isidore Mdogo.

#8

Naona mabishano yameanza kama ni kanisa au msikiti. Ndugu zangu, naomba tuheshimiane, humu tuna Wakristo na Waislamu. Nitasema ninachokijua kama mjenzi.

Jengo hili liliwahi kuharibiwa na Wakristo wenyewe. Aprili 1204 askari wa msalaba kutoka Ulaya magharibi waliliteka, wakaingiza nyumbu ndani kubebea fedha waliyoing'oa madhabahuni. Kiongozi wao wa Venice, Enrico Dandolo, akazikwa humo humo ghorofani mwaka 1205. Mwaka 1453 Mehmed II alipouteka mji aliligeuza msikiti, ukawa msikiti wa kwanza wa heshima katika mji, na hadhi hiyo ndiyo iliyolipatia fedha za matengenezo kwa karne zilizofuata.

Sinan, mjenzi mkuu wa Waosmani, alifanya ukarabati mkubwa hapa miaka ya 1570, akaongeza viegemeo na kuondoa nyumba zilizobanana ukutani. Alikuwa amekwisha kujenga Süleymaniye, ambayo inafuata mpangilio wa Hagia Sophia, kuba na nusu kuba mbili, ila msukumo wa pembeni ameutibu vizuri zaidi. Aliijua dosari ya mwalimu wake na akamhudumia kama mzee wake.

Halafu ndugu wawili kutoka Uswisi, Gaspare na Giuseppe Fossati, waliitwa na Sultani Abdülmecid mwaka 1847. Kwa miaka miwili, wakiwa na vibarua zaidi ya 800, walifunga mnyororo wa chuma kuzunguka kitako cha kuba na kunyoosha nguzo 13 ghorofani. Kwa hiyo nilizoziona zimelala zingekuwa zimelala zaidi. Walifunua mozaiki za Wakristo, yaani picha za vijiwe vidogo vya rangi, chini ya lipu, wakazichora, kisha wakazifunika tena kwa uangalifu. Uangalifu ule ndio uliozifikisha kwa Thomas Whittemore na wenzake, walioanza kuzifunua mwaka 1931. Mojawapo ni ya malkia Zoe na mumewe. Sura na jina la mume vilibadilishwa, kwa kuwa Zoe aliolewa mara tatu.

Makumbusho ilifunguliwa 1935, na Julai 2020 ibada za Kiislamu zikarejea. Mwaka 2025 serikali ya Uturuki ilianza kazi ya kuliimarisha kuba lenyewe, wakisimamisha jukwaa refu la chuma ndani. Kila kizazi kina zamu yake ya kupanda mle.

#9

Dada uliyesema unasafiri kwenda Istanbul na unataka ujue pa kusimama: wageni wanaokwenda kutembea sasa wanaelekezwa ghorofa ya juu, kwa tiketi. Ukifika, nenda upande wa magharibi katikati, utaona jiwe la kijani la duara sakafuni. Hapo ndipo kilipokuwa kiti cha malkia. Tazama mbele, kule madhabahu ilipokuwa, halafu inua macho kwenye kuba na uhesabu mbavu.

Kushoto kwako, kaskazini, mbavu 8 ni za Isidore Mdogo. Kulia, kusini, 6 nyingine ni zake. Mbavu 13 zilizo mbali, mashariki, ni za Astras na Peralta. Na 13 za upande wako, magharibi, ni za Trdat. Hizo huenda tao likakuziba, kwa hiyo ukimaliza sogea roshani ya kusini uzitazame ukiwa pale. Jumla 40. Kabla ya kushuka, pita karibu na nguzo za ghorofani na uweke jicho sambamba na moja yake, uone ilivyolala.